Kigoma Hatuingii

Simu ilinikuta ndani ya daladala, foleni ya Ubungo, Jumatatu saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Aliyepiga ni meneja wa tawi letu la Kigoma, mzee asiye na kawaida ya kupiga simu. Ukiona kapiga, kuna jambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo huku hatuingii."

"Hamuingii wapi?"

"Kwenye kompyuta. Tunaandika paswedi, kiduara kinazunguka weee, halafu inatukatalia. Wateja wamejaa mpaka barazani."

Nikamuuliza maswali yetu ya kila siku. Umeme? Upo. Kompyuta zinawaka? Zinawaka. Ruta je? Akaenda kutazama, nikasikia viatu vyake sakafuni, akarudi na jibu kwamba taa iliyokuwa kijani leo ni nyekundu. Hapo nikajua. Njia ya mawasiliano kati ya Kigoma na Dar es Salaam ilikuwa imekatika. Mchana tuliambiwa kwamba katapila la kuchonga barabara lilikuwa limepita na mkongo huko njiani.

Kilichoniuma, na kinaniuma hadi leo, ni kwamba kazi yote ya tawi lile ilikuwa palepale Kigoma. Leja za wateja zilikuwa kwenye seva ya chumba cha nyuma, hatua sita kutoka kaunta. Printa ilikuwepo. Wafanyakazi kumi na mmoja walikuwepo, mashati yamepigwa pasi. Aliyekosekana ni wa kusema, "Huyu namfahamu, mfungulie," na huyo alikuwa kwenye kabati la seva Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo. Aliyemweka huko, peke yake, ni mimi.

Huyo si mtu, ni daftari, na ofisi yoyote yenye kompyuta zaidi ya chache ina daftari la namna hii. Watafsiri huliita saraka. Sisi mafundi tunasema AD, kwa sababu ofisi nyingi hutumia Active Directory ya Microsoft, iliyotoka pamoja na Windows 2000. Yako mengine, lakini karibu yote ni ya ukoo mmoja: kanuni za X.500 zilizotolewa mwaka 1988, kisha LDAP, mtoto wake mwepesi aliyezaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndani ya daftari mmeandikwa jina lako, cheo chako, makundi uliyomo, kompyuta unayotumia, printa unazoruhusiwa, na alama ya siri inayotokana na nenosiri lako. Mmeandikwa pia nani afungue folda ya mishahara na nani aione kwa mbali tu. Watu hudhani daftari huulizwa mara moja, asubuhi, unapoingia. Sivyo. Ukifungua folda ya pamoja, linaulizwa. Ukituma karatasi printa, linaulizwa.

Siku ile watu wawili waliingia, mhasibu na mtunza stoo, na wenzao wakadhani wana bahati. Haikuwa bahati. Windows ina kumbukumbu ndogo ya watu waliokwisha kuingia kwenye kompyuta husika, kwa kawaida kumi wa mwisho, na daftari lisipopatikana huwaruhusu hao kwa kuwakumbuka. Kompyuta za wawili hao zilikuwa za zamani. Zile za kaunta zilikuwa mpya, zimefungwa Jumamosi iliyotangulia, na mtu pekee ziliyewahi kumwona ni fundi wetu aliyezifunga, ambaye Jumatatu ile alikuwa Dodoma. Hata hao wawili walioingia walikaa kutazama picha ya mlima kwenye skrini. Leja ilikataa kufunguka, kwa kuwa seva ya leja nayo ilitaka kwanza kuuliza Dar.

Jioni nilipewa barua ya kujieleza. Nilijieleza kwa ukurasa mmoja, na mwisho wake niliomba fedha za seva ya pili.

Mkurugenzi wa fedha aliuliza swali ambalo sijalisahau, kwa sababu ni la haki: "Tuna daftari moja linalofanya kazi. Kwa nini tununue jingine lenye maneno yaleyale?" Jibu la katapila alilielewa mara moja. Jibu la pili lilinichukua muda kidogo, kwa kuwa kuchelewa hakuonekani kama kukatika.

Kabla ya mkongo, matawi yetu ya mbali yalikuwa yakitumia setilaiti. Setilaiti za aina ile hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali lipande, lishuke. Jibu lipande, lishuke. Hiyo ni safari isiyopungua kilomita 144,000, na hata kwa mwendo wa mwanga ni karibu nusu sekunde. Nusu sekunde kwa swali moja si kitu. Lakini kuingia kwenye kompyuta si swali moja. Kompyuta huuliza kwanza daftari liko wapi, halafu huomba tiketi, halafu huomba tiketi nyingine kwa kutumia ile ya kwanza, halafu inasoma masharti ya ofisi: ukuta wa skrini uwe upi, programu gani zizuiwe, folda gani ziunganishwe. Ni maswali mengi, na mengi hayaulizwi mpaka la mbele yake lijibiwe. Nilikwenda Kigoma enzi zile nikamkuta binti wa kaunta kabonyeza paswedi yake, kaenda kuchemsha chai, karudi na kikombe, na kompyuta bado inamkaribisha. Hakulalamika. Alidhani ndivyo kompyuta zilivyo.

Seva ilinunuliwa. Ikapelekwa Kigoma kwa lori, nami nikaifuata kwa ndege na diski zangu kwenye mkoba. Siku ya kwanza ya kuingia kwa kutumia nakala iliyo chumba cha nyuma, yule binti aliingia kabla hajafikiria kuchemsha chai. Nilirudi Dar na kifurushi cha migebuka iliyokaushwa, harufu yake ikamaliza wiki nzima kwenye droo yangu.

Sasa, kuwa na madaftari mawili ni rahisi kusema. Ugumu ni kuyafanya yaseme neno moja. Zamani, enzi za Windows NT, jambo hili lilitatuliwa kibabe: daftari moja ndilo kuu, mengine ni ya kusoma tu. Ukitaka kubadili kitu, nenda kwa mkuu, na mkuu akianguka hakuna wa kubadili chochote mpaka umpandishe mwingine cheo. Windows 2000 ikaja na utaratibu wa kila nakala kuwa ya kuandikwa. Meneja wa Kigoma anaandikisha mfanyakazi mpya Kigoma, mimi naandikisha wangu Dar, na seva zinapashana habari zenyewe.

Ukisikia hivyo utauliza, je, wawili wakibadili kitu kilekile? Kila kipengele ndani ya daftari kina namba ya toleo. Namba ya simu ya mtu ikibadilishwa mara tatu, toleo lake limepanda mara tatu. Seva mbili zikikutana na majibu tofauti, lenye toleo kubwa linashinda. Yakilingana, la baadaye kwa saa linashinda. Hakuna kikao wala barua ya malalamiko.

Yako mambo ambayo hayawezi kuachiwa mchezo huo, na hapa ndipo napapenda zaidi. Kila mtu anayeingizwa kwenye daftari hupewa namba ya utambulisho ambayo hairudiwi kamwe. Dar na Kigoma zikiandikisha watu saa moja, njia imekatika, zitajuaje kwamba hazijatoa namba moja kwa watu wawili? Dawa yake ni ileile ya vitabu vya risiti. Makao makuu humpa kila wakala kitabu chenye namba zake; wakala wa Tanga ana chake, wa Mwanza ana chake, na kitabu kikikaribia kwisha anaomba kingine. Seva moja kati ya zote ndiyo hugawa vitabu hivyo, na kila kimoja kina namba 500. Mama yangu alikuwa mtoza ushuru wa soko. Nilipomweleza hili alinitazama kana kwamba nimetumwa chuo kusomea kazi yake.

Kupashana habari nako kuna ratiba. Seva zilizo jengo moja huambiana upesi, mabadiliko yakitokea tu ya kwanza husubiri sekunde 15 na kuwajulisha jirani. Kati ya mji na mji ratiba ya kawaida ni dakika 180, kwa sababu waliotunga kanuni walikuwa wakiihurumia njia nyembamba. Saa tatu nzima! Nilijifunza maana yake siku idara ya utumishi iliponipigia asubuhi: kuna kijana wa Kigoma amesimamishwa kazi, mfungie sasa hivi. Nikamfungia, hapo Dar, mbele ya macho yao. Kijana aliendelea kuingia Kigoma mpaka karibu na adhuhuri, na kwa bahati alichofanya ni kuchapa barua yake ya kuomba kazi kwingine tu. Alasiri ile nilishusha ratiba hadi dakika 15, ambayo ndiyo ya chini kabisa inayoruhusiwa kwa ratiba ya namna hiyo.

Paswedi zimehurumiwa. Ukibadili paswedi popote, habari hupelekwa haraka kwa seva moja maalumu bila kungoja ratiba, na seva nyingine yoyote kabla haijakukatalia humuuliza kwanza huyo: "Mwenzetu, kuna jipya kuhusu mtu huyu?" Ndiyo maana mtu aliyebadili paswedi Dar jioni akapanda ndege asubuhi huingia Mwanza bila taabu na hajui kwamba kuna aliyeulizwa.

Kila nakala pia ni mzigo wa siri. Ukiweka daftari zima kwenye tawi, umeweka hapo alama za paswedi za kampuni nzima, pamoja na ya mkurugenzi. Tawi letu moja dogo, sitalitaja, lilikuwa na seva chini ya kaunta, karibu na chupa ya chai, na mfanya usafi alikuwa akiichomoa kila asubuhi apate tundu la kuchomeka birika. Mwizi angeweza kutoka nayo kwapani. Kwa sehemu kama hizo, tangu Windows Server 2008, kuna nakala ya kusoma tu, ambayo huandiki chochote juu yake na hubeba paswedi za watu uliowachagua peke yao. Ikiibwa, unajua wale saba wa kubadilishiwa paswedi, na wengine wanaendelea kulala.

Na nakala huzeeka. Mtu akifutwa, jina lake haliondoki mara moja. Hubaki kama kaburi lenye bango, ili kila seva ipate habari kwamba huyu kafutwa. Kaburi lenyewe huondolewa baada ya siku 180 kwa kawaida. Seva iliyozimwa ikakaa stoo miezi minane, ukaiwasha, itaamka ikiwa na majina ya watu ambao wenzake hawakumbuki hata kwamba waliwahi kufutwa. Mafundi tunawaita mizimu. Seva zilizosalia zikitambua kwamba mwenzao amepotea kupita kiasi hukataa kuzungumza naye, na zina haki.

Nimefika kwenye aibu yangu.

Nilikuwa nasafisha daftari. Kulikuwa na fungu la zamani la tawi la Mwanza, majina ya watu walioondoka, na fungu jipya lenye watu 43 walio kazini. Yanafanana majina, moja lina neno "zamani" mwishoni. Kidole kilibonyeza, kisanduku kikauliza kama nina uhakika, nikasema ndiyo, na katika sekunde ileile jicho likaona kwamba neno "zamani" halipo.

Hapo ndipo utakapoelewa kwamba seva mwaminifu haina akili. Seva ya pili ya Dar, ambayo nilikuwa nimemwahidi mkurugenzi wa fedha kwamba ni akiba yetu, ilipokea habari za ufutaji na kuzitekeleza kwa utiifu kabla sijavuta pumzi mara kumi. Nakala haikuniokoa, kwa kuwa kazi yake ni kufanana na mwenzake, na mwenzake alikuwa ameambiwa afute. Mwanza ilikuwa inafuata. Nikatazama saa, nikakumbuka ratiba ya Kigoma: dakika 15, na zilikuwa zimebaki nne au tano hivi.

"Mzee, nenda chumba cha nyuma. Kuna waya wa bluu nyuma ya seva. Chomoa."

"Kwani kuna nini mwanangu?"

"Chomoa kwanza, mzee wangu, nitakueleza."

Akachomoa. Na kwa kuchomoa, Kigoma ikawa mahali pekee duniani ambapo watu 43 wa Mwanza walikuwa bado wapo. Lakini waya ukiwa nje mimi sikuweza kuifikia ile seva kutoka Dar. Ilibidi nimsomee mzee amri moja moja kwa simu, na amri za kazi ile ni za Kiingereza kilichokatwakatwa. "Andika n ya Nzega, t ya Tabora, d ya Dodoma, s ya Singida, u ya Ujiji, t ya Tanga, i ya Iringa, l ya Lindi." Tulikwenda hivyo karibu saa nzima na nusu, tukazunguka nchi yote. Hatukurudisha kitu, tuliiambia seva ya Kigoma kwamba fungu lake la Mwanza ndilo la kweli, na ilipokubali ilipandisha toleo la kila kipengele kwa 100,000 kwa mpigo. Wengine walikuwa na toleo la nne au la tano. Mzee alipochomeka waya tena, Kigoma ilisema na Dar, Dar ikatazama namba, ikanyamaza, ikawapokea watu wake.

Tangu Windows Server 2008 R2 kuna kapu la taka ambalo ungeweza kuokota ulichofuta kwa urahisi tu, ila sharti uliwashe mapema. Sikuwa nimeliwasha. Hili sikuliandika kwenye barua ya kujieleza ya safari hiyo.

Kwa hiyo miaka michache baadaye niliposoma yaliyoikuta Maersk nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Maersk ni kampuni ya meli ya Denmark. Makontena yake hata asiyejua bandari ameyaona barabarani. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vilivyoitwa NotPetya, vilivyoenezwa kupitia programu ya uhasibu iliyotumika sana Ukraine, viliingia kwenye mtandao wake na kuufagia kwa dakika chache. Kampuni ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara yake yenyewe iliikadiria kati ya dola milioni 250 na 300.

Mwandishi Andy Greenberg alisimulia kwenye jarida la Wired, mwaka 2018, sehemu inayotuhusu. Maersk ilikuwa na nakala za daftari kama 150 zilizotawanywa duniani, kila moja ikihesabiwa kuwa akiba ya nyingine. Mafundi walikuta akiba za karibu kila kitu kingine, lakini za daftari hawakuzikuta. Nakala zote zilikuwa kwenye mtandao mmoja, zikipashana habari usiku na mchana, na zote zilifagiwa pamoja. Zote isipokuwa moja, ya ofisi ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika Ghana kabla virusi havijafika, seva ikazima, ikalala na daftari lake salama.

Wakajaribu kulivuta daftari hilo kwa mtandao hadi Uingereza, walikokuwa wakirejesha mitambo, njia ya Ghana ikawa nyembamba mno. Ingechukua siku kadhaa. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja akapanda ndege na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akaruka nayo hadi London. Nikiisoma habari ile nilimwona mzee wangu na waya wa bluu mkononi.

Katika ofisi nyingi ninazokaribishwa kutazama mitambo, bado nasikia sentensi ileile: "Akiba tunayo, tuna seva mbili." Siku hizi siibishi. Naomba tu waniambie seva ya pili huchukua sekunde ngapi kujua kosa la ya kwanza. Kwetu kuna seva za daftari tano, na kuna diski mbili za kawaida ambazo hazijui habari za mtu. Moja huandikwa Ijumaa na kuingia kwenye kabati la chuma pamoja na hati za magari, nyingine inarudi siku hiyohiyo kutoka tawi la Dodoma kwa dereva. Dereva huiita "mtoto", kwa sababu nimemkataza kuiweka nyuma ya gari.

Mkongo wa Kigoma ulikatika tena mwaka jana, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Niliona mstari wa Kigoma ukizama kwenye skrini yangu, nikaweka simu mezani, nikangoja. Ilipita saa nzima. Mzee amestaafu sasa, tawi lina meneja mama mmoja mchangamfu, na alipopiga ilikuwa karibu na adhuhuri.

"Dada, mambo? Nakusumbua, wino wa printa umeisha, na huku tuna foleni."

"Njia yenu imekatika tangu saa nne," nikamwambia.

"Ndiyo maana barua pepe haiendi! Sasa wino unaletwa lini?"